Nani Atamwagilia Mikwamba?

Mwanangu Manka,

Jani la isale ulilofunga kwenye mkanda wa mkoba wangu wa shule nimeliona. Nililiona asubuhi nilipokuwa natafuta kalamu. Lilikuwa na fundo moja katikati, kama Bibi alivyokufundisha, na nikajua umelikata kwenye ule mmea wa kwenye dumu pale barazani ambao Bibi haruhusu mtu auguse bila sababu. Nilikaa kitandani nikalishika. Sikukuambia kitu, na wewe hukuniambia kitu, maana ndivyo isale linavyotolewa. Anayetaka kusamehewa hulileta bila maneno, na anayeletewa hana ruhusa ya kulikataa. Bibi anasema kwao Machame watu waliokwisha kushikiana mapanga wamerudi kukaa meza moja kwa sababu ya jani kama hili.

Basi nimelipokea. Ningelipokea hata kama mila isingenilazimisha. Yale uliyosema Jumapili, kwamba nakufukuza na kwamba mimi si mama yako, sikuyaweka moyoni kama unavyofikiri. Niliyaweka mahali ninapoweka maswali ya fizikia ambayo najua yana jibu ila mimi bado sijalipata. Leo nimelipata, au niko karibu. Nakuandikia kwa sababu unanijua. Nikisimama mbele yako nitauliza kama umekunywa chai, na maneno yangu yote yatakuwa yameishia hapo.

Naandika nikiwa huku juu ya ghorofa, nimekalia ndoo iliyopinduliwa, kwenye kivuli cha tangi la maji. Wewe uko chini kwa jirani yetu Bi Mwanahamisi, unasukwa nywele za safari. Sauti zenu zinapanda na ngazi mpaka huku.

"Inauma, Bi Mwana!"

"Inauma nini, na kichwa chenyewe kigumu kama cha bibi yako? Tulia! Unataka ufike Songea waseme Dar hakuna watu wenye mikono?"

"Unanivuta mpaka macho!"

"Ndiyo vizuri, utaiona njia."

Kuhusu sweta, kuhusu mafuta ya kujipaka, kuhusu kutopokea chakula cha mtu usiyemjua ndani ya basi, Bibi amekwisha kukuambia mara nyingi hata wapangaji wa chini wamekariri. Mimi sina la kuongeza hapo. Nataka nikueleze kuhusu Jumapili, na siwezi kuieleza Jumapili bila kuanzia kwenye mikwamba.

Ulikuwa darasa la kwanza. Bi Mwana alituchukua twende shambani kwake, kule Pugu ambako shamba lake linapakana na msitu, tukamsaidie kuchimba mihogo. Wachoma mkaa walikuwa wamepita upande wa msituni, wameacha visiki na nyasi. Tulikuwa tumeinama wote, ukaninong'oneza, "Mama mdogo, mbuzi mwekundu." Hakuwa mbuzi. Alikuwa funo, mnyama mdogo wa jamii ya paa, rangi yake kama tofali la kuchoma. Alisimama kwenye nyasi, mguu mmoja wa mbele ameukunja, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Kisha mbwa wa shamba la pili wakabweka.

Nadhani unaikumbuka ile mbio kuliko mimi. Alikwenda kulia, akarudi kushoto, akazunguka kisiki, akaondoka tena. Msitu wenyewe ulianzia mbali, na hapo katikati hapakuwa na kichaka hata kimoja cha kuingia. Bi Mwana aliwarushia mbwa mihogo na matusi, lakini walikuwa wameshapita. Hatukujua kama alifika.

"Kwa nini hakujificha?" ukauliza.

"Ajifiche wapi, mjukuu wangu?" Bi Mwana akasema huku akiokota mihogo yake. "Wameichoma nyumba yake, wameiuza kwenye magunia."

Njia nzima ya kurudi ulikuwa ukitazama miti ya kando ya barabara. Tulipofika Buguruni ndipo ukaniuliza, "Nyumba yake ilikuwa ya miti gani?" Nikajibu sijui. Unajua jinsi ninavyochukia kusema sijui. Nikafikiri utasahau kabla hatujafika kwetu Mchafukoge, lakini kesho yake, kabla hata ya kuamka vizuri, uliniuliza tena.

Nilikwenda maktaba ya shule. Nikasoma kwamba mnyama mdogo kama yule anahitaji mahali pa kula palipo karibu na mahali pa kujificha, na kwamba akipata kimoja bila kingine ni sawa na kukosa vyote. Lakini kitabu hakikusema mti wa kule Pugu unaitwaje. Aliyesema ni Bi Mwana.

"Mkwamba! Ndio anaoula, na ndani yake ndimo anamolala. Una vitunda vyeupe vitamu, sisi tukiwa watoto tulikuwa tunagombania na ndege." Kisha akatutazama mmoja mmoja. "Lakini watu wanaufyeka, nyie mnataka kuupanda? Kweli Wachaga mmekosa biashara."

Akatugawia kile kipande cha shamba lake chenye visiki. Akasema hata mihogo imeshakikataa, tufanye tunachotaka.

Hapo ndipo nilipoanza kukosea, na wewe ukiwa pembeni yangu umeshika kisu cha jikoni. Kosa la kwanza tulilitoa barazani kwetu. Sisi tunajua isale. Isale unakata, unachomeka, unaondoka, na ukirudi baada ya mvua unakuta mpaka wa kihamba, shamba la nyumbani, umesimama. Nikaona mkwamba nao ni kijiti kama kijiti kingine. Tukakata ncha laini za kijani kwa sababu ndizo zilizoonekana na uhai, tukazichomeka kwenye pakiti za maziwa tulizojaza udongo, tukazipanga hapa nilipokaa. Zililegea zote kama wanafunzi wa kipindi cha mwisho. Ulilia. Mimi nilijifanya nasafisha tangi.

Tukarudi kukata tena, safari hii tawi lililokomaa, unene wa penseli, lenye macho kadhaa, majani tukiwa tumeyapunguza. Vijiti vikafa zaidi ya nusu, na tulipoving'oa tukakuta tumevipanda kichwa chini. Kijiti kisicho na majani hakionyeshi juu yake ni wapi. Ni wewe uliyelimaliza hilo, wala si kitabu. Ulisema tuchonge upande wa chini kwa mshazari, kama penseli, "ili kiandike kwenye udongo." Tangu siku hiyo hatujapanda hata kimoja kichwa chini.

Halafu yakaja maji. Hilo ni kosa ambalo nadhani lingemkuta mtu wa ghorofa za huku mjini tu. Tulimwagilia asubuhi na jioni kwa uaminifu, na majani yalipotoka yakaungua pembeni, kahawia, kana kwamba mtu ameyapitisha kwenye mshumaa. Nikaazima vitabu. Nikasoma magonjwa ya ukungu, nikasoma upungufu wa mbolea, nikakueleza kwa maneno marefu ukiwa umechuchumaa hapo. Wewe ukaangalia ule ukoko mweupe uliokuwa kwenye midomo ya pakiti, ukachovya kidole, ukalamba.

"Chumvi," ukasema.

Maji ya kisima cha jengo. Sabuni inayakataa, chai yake hainyweki, kila siku tunanunua mengine ya kunywa, na bado haikutupitia akilini kwamba mmea nao una ulimi. Tumeogea maji hayo maisha yetu yote mpaka tumesahau kuwa yana chumvi. Nilicheka sana siku ile, nawe ukanikasirikia kwa sababu mimi nacheka na vijiti vyako vinakufa. Tangu hapo tukaanza kukinga mvua kwenye yale mabeseni ya Bibi yaliyopasuka ukingo, yaliyoshindikana kuuzwa dukani. Mvua ikikosekana, ulitoa nusu ya kikombe chako cha maji ya kunywa. Bibi aligomba wiki nzima. "Maji ya kununua mnayanywesha vijiti?" Kisha siku moja tukamkuta anapanda ngazi taratibu, sufuria mkononi, analeta maji aliyooshea mchele. Hakutaka tuseme kitu. Tukampokea sufuria.

Nakukumbusha haya kwa sababu juzi ulisema mimi sikosei na ndiyo maana siumii. Mwanangu, hapa juu nimekosea kuliko mahali popote, na kila mara wewe ulikuwepo. Darasani nikijua jibu sinyooshi mkono kwa kuogopa nisije nikawa nimekosea. Huku juu sikuwa na nafasi ya kuogopa. Kulikuwa na vijiti vinakauka na mtoto ananitazama.

Lipo moja lililonichukua muda mrefu kulielewa, na hilo nataka ulibebe. Kipandikizi kikishatoa majani tulidhani kimeshika. Tulishangilia, na baada ya siku chache majani yale yale yakaanguka. Wewe ukawa unaving'oa kila asubuhi kuangalia mizizi. Nilikukataza, kisha jioni ukiwa umelala na mimi nikaving'oa kuangalia. Tukaviua viwili vitatu kwa kuvipenda namna hiyo. Baadaye nilisoma kwamba majani ya kwanza kijiti huyatoa kwa chakula kilichobaki ndani yake mwenyewe, na mizizi huja polepole, wakati wake, hasa mtu akiacha kukichungulia.

Sitaki kukufananisha na kijiti. Kijiti hakilii, wala hakifungi majani ya isale kwenye mikoba ya watu. Ila ukifika Songea, siku za mwanzo huenda ukacheka sana na kila mtu akasema umezoea, halafu ghafla, pengine kwa sababu ya harufu ya sabuni tu, ukajikuta huwezi hata kula. Usifikiri hapo umeshindwa. Usijing'oe kila asubuhi kujitazama.

Nasikia huko chini mmehamia upande wa pili wa kichwa.

"Bi Mwana, hivi Songea kuna funo?"

"Wapo wa huko huko. Ila wa huku wana adabu zaidi."

"Umejuaje?"

"Nimeishi nao. Inamisha kichwa."

Unakumbuka siku tuliyoshusha miche ya kwanza iliyoota vizuri? Kondakta alitushusha Buguruni kwa sababu beseni letu lilikuwa linadondosha udongo kwenye viatu vya abiria. "Shuka na bustani yako, dada!" Nikasimama kando ya barabara kati ya mafundi pikipiki na wauza nyanya, nimelikumbatia beseni, natamani ardhi inimeze. Mama mmoja akaniuliza, "Mchicha huo bei gani?" Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Wewe ukajibu kwa sauti ya mnada.

"Hauuzwi! Ni chakula cha funo!"

"Funo ndiye nani, mjomba wako?" fundi mmoja akadakia, na wote wakacheka.

"Ni mnyama. Wamemchomea nyumba yake, tunamjengea nyingine."

Kicheko kikapungua. Yule fundi akajifuta mikono, akatuitia bajaji, akamwambia dereva, "Wapeleke wajenzi hawa mpaka wanakopanda gari, na usiwasumbue." Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minne, nasoma sana, najua majina ya sehemu zote za ua, na mtoto wa darasa la pili ndiye aliyetufikisha shambani. Sijasahau. Mwaka jana mwalimu wa biolojia alipouliza nani atasema mbele ya shule kuhusu klabu ya mazingira, nilifikiria lile beseni, nikanyoosha mkono. Niliyoyapanga kusema niliyasema yote.

Hata shambani nako nilikosea. Nilipanda mstari mmoja ulionyooka kama rula, kwa sababu nilipenda kuutazama. Bi Mwana akaja, mikono kiunoni. "Hii foleni ya benki au kichaka?" Mnyama hawezi kujificha nyuma ya mstari. Tukang'oa, tukapanda upya kwa mafungu, matatu hapa, matano pale, yakikaribiana mpaka yashikane matawi, na kati ya fungu na fungu pabaki mwendo mfupi ambao hata anayekimbizwa anaweza kuumaliza. Wewe ndiye uliyekuwa funo wa majaribio. Ulikimbia kutoka fungu hadi fungu, mimi nikawa mbwa. Mahali niliposhindwa kukushika, tuliacha. Mahali nilipokushika, tuliongeza mkwamba.

Sasa Jumapili.

Mama yako alipiga simu kama kawaida baada ya ibada. Unajua habari yake, haijafichwa kwako. Ndeshi ni dada yangu mkubwa. Alikuacha kwa Bibi, mama yetu, ukiwa na miaka mitatu akaenda kusomea uuguzi, kisha akapangiwa kazi mbali, huko Songea, na nyumba aliyopewa mwanzo ilikuwa chumba kimoja alichogawana na mwenzake. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Bibi alikuwa dukani Kariakoo tangu asubuhi mpaka jioni, kwa hiyo nilikubeba mgongoni huku nasoma, na ulipoanza kuongea vizuri uliniita mama mdogo, kisha mdogo likawa linapotea. Shuleni wavulana wakaanza kuniita Mama Manka kwa kunitania, kwa sababu nilikuwa naondoka kwenye kundi la kujisomea ili nikuwahi shuleni kwenu. "Mama Manka, mtoto analia huko!" Mwanzo nilijificha chooni. Sasa naitika.

Sasa Ndeshi ana nyumba ya vyumba viwili, na shule iko karibu na kazini kwake. Anataka mtoto wake. Bibi alinipa simu nami nikaongea naye, kisha Bibi akafunga mlango akaniambia, "Haika, wewe ndiye uliyemlea. Ukisema abaki, nitamwambia dada yako asubiri amalize la saba. Sema wewe."

Wewe ulikuwa nyuma ya pazia. Ulisikia neno moja tu, nililosema mimi. Aende. Ukapanda huku mbio, nikakufuata, ukanigeukia hapo penye tangi. "Nikienda nani atamwagilia mikwamba?" Halafu ukasema yale mengine.

Kitu usichokisikia ni kilichotangulia kwenye simu. Mama yako aliniuliza, "Siku hizi anapenda kula nini?" Nikamwambia maharage ya nazi, lakini nazi isiwe nyingi. Akauliza unalala upande gani. Nikamwambia ukutani, na kanga, hata kukiwa na joto. Akauliza unaogopa nini. Nikamwambia radi huogopi, unaogopa mtu akikasirika akanyamaza. Na kila nilichosema, Manka, nilimsikia akikirudia taratibu, kwa sauti ya chini. Maharage ya nazi, nazi isiwe nyingi. Ukutani, na kanga. Nilijua sauti ile. Ni yangu mimi siku moja kabla ya mtihani.

Mama yako alikuwa anakukariri.

Ningeweza kusema ubaki. Neno lilikuwa mdomoni, na sitakudanganya kwamba halikuwa tamu. Ningebaki na wewe, na mikwamba, na jina langu la utani. Lakini mtu anayejifunza namna ile hastahili kuzuiwa mlangoni na mtu ambaye tayari anajua majibu. Na wewe huna umri wa kusubiri. Ukimaliza la saba utakuwa mrefu kuliko mimi, na atakachokuwa amekariri kitakuwa kimeshapitwa na wakati. Nilisema aende kwa sababu hiyo. Kama kuna siku nimekuwa mama yako kweli, ni siku ile uliyoniambia mimi si mama yako.

Huko utamwita mama, na atakuwa anakosea. Atakuwekea nazi nyingi. Atakufunika blanketi wakati unataka kanga. Mwambie. Mwambie hapo hapo, usininyamazie kwenye simu halafu ukamnyamazia na yeye. Mimi nilimwagilia chumvi majira mazima na hukuniacha.

Sasa lile swali lako la kumwagilia, ambalo ndilo ulilouliza kwanza.

Jumamosi nilikwenda shambani peke yangu. Nilikuambia nina masomo ya ziada, na hayakuwepo. Nilitaka kuangalia hali kabla sijakuchukua twende wote, na niliogopa kwamba ningekuta ukame umemaliza kila kitu, nisijue nitakuambia nini. Fungu la pili kutoka kwenye kisiki kikubwa, lile ambalo siku ya majaribio nilishindwa kukushika, limefumana. Siwezi tena kuona upande wa pili. Lina matunda, meupe, mengine yameshaliwa na ndege. Nikapiga magoti nichungulie chini yake. Ndani, pale penye kivuli, majani makavu yamelaliwa yakawa bapa, kiasi cha mnyama mdogo aliyejikunja. Na ncha za matawi ya chini zimekatwa. Hazikukatwa kwa kisu. Zimenyofolewa, nyuzi zimebaki zikining'inia.

Bi Mwana alipofika nikamwonyesha. Akainama kwa shida, akashika kiuno, akatazama muda mrefu.

"Mbuzi huyo," akasema.

"Bi Mwana, hapa nani ana mbuzi?"

"Hakuna mwenye mbuzi." Akajinyoosha. Akatazama msituni, kisha akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na neno la utani. "Basi karudi nyumbani kwake," akasema.

Sikukuambia siku ile kwa sababu nilitaka nikuambie vizuri, kisha ikaja Jumapili ukawa huongei nami. Ndiyo nakuambia sasa. Funo ana mahali pa kuingia, mbwa wakija. Pamejengwa na wewe.

Nilikata vipandikizi kutoka kwenye fungu hilo hilo. Kwenye begi lako, upande wa chini, chini ya sweta, kuna furushi la kitambaa chenye unyevu. Nimekilowesha kwa maji ya kunywa, si ya kisima, usiwe na wasiwasi. Nimechonga kila kimoja kwa mshazari upande wa chini. Huko mvua zinaendelea, kwa hiyo ukifika usikae, panda. Mwombe mama yako pakiti za maziwa. Ataona unafanya jambo la ajabu. Mweleze tangu yule mbuzi mwekundu, hata kama ni kirefu. Mpe na yeye apande kimoja. Akikipanda kichwa chini, mwachie kwanza, kisha mwonyeshe penseli.

Utakuta kimoja hakikukatwa sawa juu. Ncha yake imenyofolewa, ina nyuzi. Hicho sikukikata mimi juu, nilikikata chini tu. Nilitaka uone kwa macho yako. Na hicho ukipande. Kilicholiwa juu hutoa matawi pembeni.

Mimi nabaki na kidato cha nne na mtihani wake, na miche iliyoko hapa juu, na vile visiki ambavyo bado havijapata jirani. Wapangaji wanalalamika kwamba mabeseni yetu yanaziba nafasi ya kuanika nguo. Nitakwenda kuongea nao. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, mlango kwa mlango. Na masika yakikaribia nitashusha miche yote. Nikishushwa Buguruni nitasimama na beseni langu, na wakiniuliza mchicha bei gani, nitajibu.

Naona Bi Mwana amemaliza. Anasema, "Haya, nenda ukajitazame, usiseme sikukuambia umependeza." Nasikia ndala zako kwenye ngazi. Umepita mlango wa Bibi na hukusimama, kwa hiyo unakuja huku. Nitaikunja barua hii niiweke chini ya ndoo, kisha nitaitia kwenye begi lako, kando ya furushi, usiku ukiwa na Bibi.

Utaniuliza nilikuwa naandika nini, na mimi nitakuuliza kama umekunywa chai. Halafu nitakupa kopo. Maji ya mvua yamebaki kwenye beseni la bluu, yanatosha safu zote ukimimina taratibu.

Leo ni zamu yako. Kuanzia kesho ni yangu.

Mama yako mdogo,
Haika